Baraza la juu katika nchi ndogo

Baraza la juu ni nyumba ya pili ya kutunga sheria, inayoupitia upya muswada uliokwishapita kwa wabunge wa majimbo. Je, nchi ndogo mno ina haja nalo?

Tuanze mbali. Mkaazi wa Seven Hills, kitongoji kilichoko kiasi cha kilomita 30 magharibi ya katikati ya Sydney, ana nyumba nne za kumtungia sheria: mbili Canberra na mbili za New South Wales (na halmashauri ya mji hatujaihesabu). Baraza la juu la New South Wales lina wajumbe 42 wa miaka minane, nusu yao huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na eneo lote hupiga kura kama jimbo moja. Faida yake iko hapo: chama chenye kama asilimia 5 ya kura, zilizotawanyika huku na kule, hupata kiti. Mwaka 1961 wapiga kura waliulizwa kama lifutwe, wakakataa. Queensland ilikwishafuta lake mwaka 1922; New Zealand ikapitisha sheria ya kulifuta mwaka 1950. Hakuna iliyolirejesha.

Bahrain, ndogo kuliko zote hizo, ina nyumba mbili tangu 2002: wajumbe 40 wa kuchaguliwa na 40 wa kuteuliwa. Hapa Oman, Majlis ya Shura (1991) huchaguliwa, wajumbe 90 mwaka 2023, na Majlis ya Dola (1997) huteuliwa na Sultani. Nyumba ya kuteuliwa huleta ujuzi na uzoefu; kuwalinda wenye kura chache ni kazi nyengine kabisa, na watu huzichanganya.

Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, ina Baraza la Wawakilishi peke yake, tangu 1980. Haja ya kinga haikukosekana. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Baraza la kuteuliwa lisingetibu hilo. La kuchaguliwa kwa uwiano wa kura za Unguja na Pemba pamoja, kama la New South Wales, pengine lingepunguza makali.

Wazanzibari walipita njia nyengine. Kwa kura ya maoni ya 31 Julai 2010 walikubali kugawana serikali yenyewe, na chama cha pili kikatoa Makamo wa Kwanza wa Rais. Kinga hiyo, kwa maoni yetu, ni nyepesi, kwani inategemea chama cha pili kiwemo ndani. CUF iliposusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, wajumbe waliobaki Chukwani walikuwa karibu wote wa CCM, na nyumba ya pili ya kuwauliza haikuwepo. Umoja wa serikali haukurudi hadi Disemba 2020.