Saba Saba ya Kanda ya Ziwa

Tarehe 7 Julai imebeba mizigo mingi. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa siku hiyo jijini Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akiwa rais wake. Mwaka 1990 Wakenya waliotaka vyama vingi walielekea uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku chache baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa kizuizini. Nao wanaiita Saba Saba. Tangu 2022 ni Siku ya Kiswahili Duniani.

Miaka yote niliyofundisha historia hapa Shinyanga, wanafunzi walinitajia Dar es Salaam bila kusita. Nilipowauliza siku hiyo iliwafikiaje babu zao, darasa lilikuwa kimya. Na mimi sikubali siku kubwa hivyo ipite kwetu kama mgeni.

Huku Jimbo la Ziwa TANU ilinyimwa usajili mwishoni mwa 1954, na zuio likadumu hadi 1958. Ilipozimwa, kilichobaki kimesimama ni pamba. Wakulima wa Usukuma walikuwa wamechoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe wahakiki mizani gulioni. Kutoka hapo vikaja vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho kubwa chini ya Paul Bomani. Baba yangu alikuwa karani wa mizani. Alituambia kwamba foleni ya pamba ilikuwa mahali ambapo watu waliweza kukusanyika na kuzungumza bila kuulizwa kibali. Ndiyo maana, zamani Saba Saba ilipokuwa Sikukuu ya Wakulima, kabla wakulima hawajapewa Nane Nane, kwetu jina lile lilikaa mahali pake kabisa.

Hasira nyingine ilitoka mashambani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa maendeleo ya Usukuma: limeni matuta hivi, punguzeni ng'ombe, na asiyetii alipe faini. Ukimwambia Msukuma apunguze ng'ombe, umegusa mahari ya mwanawe na akiba ya miaka ya njaa.

Yote hayo yalilipuka Geita. Leo ukitaja Geita watu wanafikiria dhahabu tu, lakini mwaka 1958 wilaya hiyo ililetewa halmashauri ya mseto, yenye viti vya Wazungu na Waasia, wakati karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Watu walikataa. Wakaondoka kwa maelfu kwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao wenyewe, ng'ambo ya ghuba ambayo sasa inavukwa kwa Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Halmashauri ile ya mseto iliachwa. Mwaka huohuo TANU ikaruhusiwa tena Jimbo la Ziwa.