Dawa za kutuliza wasiwasi katika upasuaji wa macho kwa leza

Dawa za kutuliza wasiwasi katika upasuaji wa macho kwa leza ni dawa ambazo mgonjwa hupewa muda mfupi kabla ya upasuaji ili hofu ipungue. Mara nyingi huwa ni kidonge kimoja cha jamii ya benzodiazepini, kama vile diazepamu au lorazepamu. Baadhi ya wagonjwa huruhusiwa kumeza kingine wakishafika nyumbani, wapate kulala jicho linapoanza kupona. Makala hii inagusa pia dawa ambazo mtu amekuwa akizitumia kila siku kwa ugonjwa wa wasiwasi au sonona, kwa sababu nazo huathiri machozi na mboni. Kanuni inayoongoza matumizi yote haya ni moja: mgonjwa atulie, lakini abaki macho.

Upasuaji wenyewe

Konea ni sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Leza hubadili umbo la konea ili mwanga uangukie sawasawa kwenye retina bila msaada wa miwani. Katika njia ya LASIK, daktari hukata tabaka jembamba la juu, hulifunua kama ukurasa wa kitabu, hupiga leza ya eksima chini yake, kisha hulirudisha mahali pake bila kushona. Katika PRK hakuna tabaka linalofunuliwa. Chembe za juu kabisa za konea huondolewa na leza hupigwa papo hapo, hivyo maumivu huwa makali zaidi na uponaji huchukua siku kadhaa. Katika SMILE leza huchonga kipande kidogo ndani ya konea, na daktari hukitoa kupitia tundu dogo pembeni.

Leza ya eksima ina urefu wa wimbi wa nanometa 193. Kila pigo lake huondoa kiasi kidogo mno cha tishu bila kuunguza iliyo jirani. Kurekebisha daioptria moja ya kutoona mbali huondoa takriban mikrometa 12 hadi 15 za konea. Kazi ya vipimo vidogo namna hii humhitaji mgonjwa ashiriki: hutakiwa kuitazama taa ndogo bila kuhamisha jicho, huku kamera ya mashine ikilifuatilia mara mamia kwa sekunde. Jicho likihama kupita kiasi, leza husimama yenyewe.

Ndiyo sababu nusukaputi haitumiki kwa kawaida. Aliyelala hawezi kutazama taa, na macho yake huelekea kupanda juu chini ya kope. Hutumika matone ya ganzi tu, na mgonjwa husikia na kufuata kila anachoambiwa.

Hofu inatoka wapi

Matone ya ganzi hufanya kazi haraka, kwa hiyo si maumivu hasa yanayotisha. Kinachotisha ni kwamba jicho huona kila kinacholielekea. Anayechomwa sindano mkononi anaweza kugeuza uso. Huyu hana pa kugeukia. Kishikizo kidogo huzuia kope zisifunge, na mwili uliozoea kulilinda jicho tangu utotoni hutaka kupepesa lakini hauwezi.

Katika LASIK kisha huja pete ya kufyonza, inayolishika jicho wakati tabaka linakatwa. Presha ya ndani ya jicho hupanda, mwanga hufifia, na kwa sekunde kama 20 mgonjwa anaweza kuona giza tupu. Ambaye hakuambiwa mapema anaweza kudhani amepofuka. Leza ya eksima inapoanza, mlio wa haraka wa tak-tak-tak husikika na harufu kama ya nywele zilizoungua hutanda puani. Hakuna kinachoungua, ni tishu inayovunjwa na kuwa mvuke. Mapigo ya leza huchukua chini ya dakika moja kwa kila jicho, lakini kwa mwenye hofu dakika hiyo ni ndefu. Moyo humwenda mbio, shingo hukakamaa, kichwa husogea, mikono hutaka kuinuka. Kidonge cha kutuliza kililetwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Historia

Tiba hii imeunganisha njia mbili za utafiti. Kwa upande wa jicho, José Ignacio Barraquer, aliyefanya kazi Bogotá nchini Kolombia, alianza katikati ya karne ya 20 kuchonga konea ili kurekebisha uoni. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel na mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan walionyesha kwamba leza ya eksima inaweza kuikata konea kwa usafi mkubwa. Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, aliiunganisha leza hiyo na tabaka linalofunuliwa, na katika miaka ya 1990 LASIK ikaenea duniani. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliidhinisha leza ya eksima kwa upasuaji wa PRK mwaka 1995.

Kwa upande wa dawa, mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, akifanya kazi Nutley, New Jersey, aligundua klodiazepoksidi, iliyoingia sokoni mwaka 1960. Diazepamu ilifuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Kabla ya hapo watu wengi walitulizwa kwa dawa za jamii ya babichureti, ambazo zikizidishwa huua kwa urahisi.

Dawa zinazotumika na jinsi zinavyofanya kazi

GABA ni kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya mawasiliano ya neva. Benzodiazepini hushika kwenye vipokezi vyake na kuipa nguvu GABA iliyopo tayari. Hofu hupungua, misuli hulegea, usingizi hukaribia, na kumbukumbu ya yanayotokea wakati huo inaweza kufifia.

Diazepamu hutolewa zaidi kwa kipimo cha miligramu 5 au 10, kama nusu saa hadi saa moja kabla ya upasuaji. Lorazepamu na alprazolamu hutolewa kwa vipimo vidogo zaidi, maana kila miligramu yake ina nguvu kubwa kuliko ya diazepamu. Midazolamu ya kuchomwa kwenye mshipa huhitaji mtu aliyefunzwa kusimamia upumuaji. Tofauti nyingine ni muda: diazepamu hukawia mwilini, na nusu yake inaweza kuwamo bado baada ya siku nzima au mbili. Mtu anaweza kujiona amezinduka kabisa ilhali wepesi wa akili na viungo haujamrudia.

Kipimo kinachofaa ni kile kinachoondoa hofu na kuacha usikivu. Kikizidi, mgonjwa husinzia mezani, jicho huiacha taa, na daktari hulazimika kumwamsha au kuahirisha kazi. Wachache huitikia kinyume: badala ya kutulia huhangaika na kuongea ovyo. Kwa hiyo kuongeza kidonge cha pili kwa uamuzi wako, eti cha kwanza hakijashika, huweza kuharibu kazi ambayo kidonge kililetwa kuisaidia.

Kabla ya upasuaji

Mambo matatu hutangulia kidonge. La kwanza ni fomu ya ridhaa. Mgonjwa huisoma, huuliza maswali na kutia saini akili yake ikiwa timamu. Saini ya mtu aliyekwisha kumeza dawa ya kulegeza akili haina uzito unaostahili. La pili ni msindikizaji, kwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kuendesha gari wala pikipiki, na hapaswi kurudi nyumbani peke yake. La tatu ni kumweleza daktari kila dawa anayotumia, pamoja na za asili na za dukani.

Kidonge humezwa pale daktari anapoagiza, mara nyingi kliniki kwenyewe chini ya macho ya muuguzi. Kahawa kali, vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa huuchangamsha moyo na kuzidisha wasiwasi, hivyo inafaa kuviepuka siku hiyo. Pombe haichanganywi kabisa na benzodiazepini.

Baada ya upasuaji

Ganzi ikiisha baada ya LASIK, jicho huwasha na kuchoma kama lililoingiwa na mchanga, machozi hutiririka na mwanga huumiza. Hali hii huwa kali zaidi katika saa chache za kwanza. Baadhi ya madaktari humruhusu mgonjwa kumeza dawa ya kulala wakati huo. Jicho lililofumba halikauki, mikono haiendi kulisugua, na saa ngumu hupita usingizini. Kikinga jicho huvaliwa, kwa sababu mtu hujisugua hata akiwa amelala, na tabaka la konea bado halijashika vizuri.

Msindikizaji ana kazi hapa pia. Matone ya antibayotiki na ya kupunguza uvimbe yana saa zake, na mgonjwa aliyelewa usingizi huzipitiliza. Akiamka kwenda msalani huyumba. Mtu wa kumshika mkono na kumkumbusha matone ni sehemu ya tiba.

Katika PRK maumivu huendelea kwa siku kadhaa, na wengine huandikiwa dawa kali za jamii ya opioidi, kama kodeini. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Opioidi na benzodiazepini zikikutana mwilini zinaweza kudhoofisha upumuaji hadi kifo. Mwaka 2016 FDA iliagiza onyo lake zito kuliko yote liandikwe kwenye dawa za aina zote mbili, na mwaka 2020 ikaongeza kwenye benzodiazepini onyo kuhusu uraibu na utegemezi.

Dalili za hatari hazitulizwi kwa kidonge. Maumivu yanayozidi siku zinazofuata LASIK, uoni unaofifia, usaha, au jicho lililogongwa ni mambo ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama mwenyewe anahisi pengine ni hofu yake tu.

Wiki zinazofuata zina wasiwasi wa namna nyingine. Katika tafiti zilizoendeshwa na FDA na washirika wake, hadi asilimia 46 ya watu ambao hawakuwa na kero za uoni kabla ya LASIK waliripoti angalau moja, kama vile duara za mwanga kuzunguka taa usiku, miezi mitatu baadaye. Na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na macho makavu waliripoti ukavu. Idadi ya waliopata shida kubwa ilikuwa ndogo sana. Aliyeelezwa haya mapema huyasubiri yapungue. Ambaye hakuelezwa hukesha akidhani jicho limeharibika. Huyu wa pili anahitaji uchunguzi na maelezo. Benzodiazepini za kila siku hazitibu ukavu wa macho, na wiki chache za kuzimeza zinatosha kuanzisha utegemezi. Huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru baada ya upasuaji ni dharura, na yasemwe bila kuona aibu.

Wanaotumia dawa za wasiwasi kila siku

Wengi huficha dawa hizi wakihofia kukataliwa, na wengine huziacha ghafla ili waende kwa daktari wa macho wakiwa safi. Yote mawili yana madhara. Kuacha ghafla sertralini, paroksetini au dawa za jamii hiyo huleta kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na wasiwasi unaorudi kwa nguvu. Kuacha ghafla benzodiazepini za muda mrefu huleta arosto, na huweza kusababisha degedege. Kwa kawaida dawa ya kila siku huendelea kama ilivyo, na badiliko lolote huamuliwa na daktari aliyeiandika.

Daktari wa macho anazihitaji taarifa hizi kwa kazi yake mwenyewe. Upasuaji hukata neva ndogo za konea zinazochochea machozi, hivyo ukavu ni wa kawaida kwa miezi ya mwanzo. Sertralini na jamaa zake huhusishwa na macho makavu. Amitriptilini na haidroksizini hupunguza machozi pia. Dawa kadhaa za sonona hutanua mboni, na mboni pana huweza kuzidisha duara za mwanga usiku. Daktari anayejua haya hupima machozi kwa makini, hutibu ukavu kabla ya kukata, au hushauri njia nyingine.

Wanaohitaji tahadhari

Benzodiazepini huenda zisifae, au zikahitaji kipimo kingine, kwa mwenye ugonjwa mkali wa mapafu au ini, anayekatika pumzi usingizini, mwenye miasthenia gravisi, mwenye glakoma ya pembe finyu, na aliyewahi kuwa na uraibu. Wajawazito kwa kawaida huahirishiwa upasuaji wenyewe, na diazepamu hupita kwenye maziwa ya mama. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya tiba za VVU, na dawa za fangasi kama ketokonazoli huzuia ini lisivunje alprazolamu na midazolamu, hivyo kipimo kidogo hufanya kazi kama kikubwa. Propranololi, ambayo baadhi ya watu huitumia kupunguza mapigo ya moyo wakati wa hofu, ni hatari kwa mwenye pumu.

Afrika Mashariki

Upasuaji wa leza hupatikana katika kliniki binafsi za Nairobi, na baadhi ya wagonjwa wa ukanda huu husafiri hadi India. Diazepamu yenyewe si ngeni: wazazi wengi wameiona hospitalini ikitumika kuzima degedege la mtoto, na jina Valium limezoeleka. Mazoea hayo yasimfanye mtu kuazima kidonge cha jirani. Diazepamu imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na baadhi ya nchi, ikiwemo Falme za Kiarabu, humtaka msafiri kupata kibali kabla ya kuingia nayo.

Utulivu bila dawa

Kwa wagonjwa wengi maelezo mazuri hupunguza haja ya kidonge. Mgonjwa aambiwe giza litakuja lini na litakaa sekunde ngapi, asikilizishwe mlio wa mashine mapema, na apewe kitu cha kushika mikononi. Wakati wa pete ya kufyonza, muuguzi au daktari huhesabu kwa sauti: sekunde kumi bado, tano bado, tumemaliza. Mwenye hofu anaweza kuomba ahesabiwe hivyo. Anaweza pia kuandika kwenye karatasi dawa zake zote, pamoja na ile anayoionea haya, na kuiweka mezani siku ya kwanza ya vipimo, siku nyingi kabla ya kidonge chochote kumezwa.