Skrubu Nne

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mjane aliyetoka eda juzi amelileta gitaa la marehemu mumewe kwenye kibanda cha Babu pale Gerezani, limefungwa ndani ya gunia la mchele. Kuna mnunuzi aliyekwisha kumuahidi shilingi milioni tatu taslimu. Babu amemwambia asipokee hata senti mpaka yeye alifungue kwanza. Skrubu ya kwanza imelegea, na simu ya Babu ikaita.

SASA ENDELEA...

"Shikamoo, mzee."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole, ya mtu aliyefunzwa adabu akafunzika. Babu alikibana kitochi chake kati ya sikio na bega, bisibisi mkononi. Sikio lake moja lilikufa zamani kwa kusimama mbele ya spika, kwa hiyo simu yake huwa juu hadi mwisho. Nilisikia kila neno.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hizo skrubu, mzee wangu, zirudishe. Tatu ni ndugu, ya nne ni mtu wa kuja. Ukiitoa hiyo ya nne, usingizi utakuhama."

Simu ikakatika.

Babu hakusema kitu. Alivuta taa ya mezani karibu na kuligeuza gitaa kifudifudi juu ya taulo. Nyuma, pale shingo inapokutana na kiwiliwili, pana bamba la chuma la pembe nne, na kila pembe ina skrubu yake. Nilikuwa nimelitazama bamba lile tangu asubuhi. Nilikuwa hata nimenakili nambari iliyogongwa juu yake, herufi L na tarakimu tano, kwa sababu Babu alisema wanunuzi wa Ulaya wakiiona herufi ile mate huwatoka. Kumbe nilikuwa sijaona kitu. Skrubu tatu zilikuwa za nyota. Ya nne, ya chini kushoto, ilikuwa ya bapa, nene kidogo, rangi ya shaba, zile wanazotumia mafundi seremala kufungia bawaba za milango.

"Amejuaje?" nikauliza.

"Nipe bisibisi ya bapa."

Babu akiingiwa na hofu huanza kufundisha. Niliijua tabia hiyo tangu siku umeme ulipompiga nikiwa na miaka kumi, akalala sakafuni akinieleza kazi ya kapasita. Sasa alizungusha ile skrubu ngeni polepole, akaanza.

"Unajua aliyelibuni dude hili hakujua kupiga gitaa?"

"Najua, Babu."

"Leo Fender. Fundi redio kama mimi! Alifungua duka la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938. Watu wakawa wanamletea amplifaya zilizoungua, wanamletea magitaa yanayopiga kelele, naye anasikiliza shida zao. Hakujifunza kupiga maisha yake yote, ndiyo maana akafikiri kifundi. Wenzake wa Gibson walikuwa wanaigandisha shingo kwa gundi. Ikivunjika, ni kulainisha gundi kwa mvuke, kuchonga upya, kungoja. Leo akasema hapana. Skrubu nne. Shingo ikiharibika fungua, tia nyingine, mtu arudi jukwaani jioni hiyo hiyo. Alianza na lile lililokuja kuitwa Telecaster, mwaka 1950, na mwaka 1954 akatoa hili, Stratocaster."

Somo hilo nilikuwa nalijua kwa moyo. Lakini safari hii aliongeza neno ambalo hakuwahi kuliongeza.

"Na kinachofunguka kwa dakika tano," alisema, macho yakiwa kwenye bisibisi, "hubadilishwa kwa dakika tano."

Skrubu ya nne ikatoka. Shingo ikaachia.

Kisigino cha shingo, ile sehemu inayokaa ndani ya tundu la kiwiliwili, hakipakwi rangi nyingi, hivyo mbao huonekana vizuri. Ilikuwa ya mti wao unaoitwa mepo, nyeupe iliyogeuka rangi ya asali kwa uzee. Juu yake muhuri wa wino: 2 MAR 64 B. Babu alinisomea kama anayesoma hati ya nyumba. Mbili ni nambari ya aina hii ya gitaa. Katikati ni mwezi na mwaka shingo ilipokamilika. B ni upana wa shingo kule juu kwenye funguo.

"Sitini na nne," nikasema. "Babu, hiyo ni kabla ya CBS!"

Niwaeleze wasomaji wasiofuatilia mambo haya. Januari 1965 Leo Fender alikiuza kiwanda chake kwa kampuni ya CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wa magitaa wameigawa dunia pande mbili, kabla ya siku hiyo na baada yake. Mimi naona kuna chembe ya ushirikina humo, maana mbao haijui kiwanda kimenunuliwa na nani. Lakini ni kweli kazi ilianza kulipuliwa baadaye, na ushirikina huo ndio unaolipa. Gitaa la 1964 lenye kila kitu chake cha asili ni maelfu na maelfu ya dola. Yule mnunuzi na milioni zake tatu alikuwa anakuja kumwibia mjane mchana kweupe.

Nilianza kucheka kwa furaha. Babu hakucheka. Kidole chake kilikuwa chini ya ule muhuri, penye tarakimu mbili zilizogongwa kwa patasi na mkono usio na haraka.

18.

Kisha akakihamisha kidole hadi ndani ya tundu la kiwiliwili. Mkono ule ule, patasi ile ile.

17.

"Keti," akaniambia, ingawa kibandani mna stuli moja tu na alikuwa ameikalia yeye.

Nyie mliozaliwa juzi, alisema, mnadhani mwanamuziki hununua gitaa lake akaenda nalo kokote. Enzi zao gitaa lilikuwa la mwenye bendi. NUTA walikuwa na bendi, Polisi walikuwa nayo, JKT, Bima, UDA, kila shirika na bendi yake, na wapigaji wakipokea mshahara kama makarani wengine. Vyombo vilikaa stoo. Ukihamia bendi nyingine unaondoka na vidole vyako tu, na wakati mwingine hata hivyo wanavidai. Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka, seti ya nyuzi ilikuwa jambo la kuombea dua. Gitaa zima kutoka Marekani? Kwa hilo mtu angeweza kufungwa.

"Bendi yetu ililetewa mawili, kwenye kasha moja. Mtunza stoo alikuwa mtu mjanja. Aliposikia kwamba shingo inafunguka, akagonga nambari pande zote mbili, kwenye shingo na kwenye kiwiliwili, ili asichezewe. Kumi na saba lilikuwa la solo. Akapewa marehemu."

"Na kumi na nane?"

"La rithim."

Sikuuliza nani alipiga rithim. Picha ipo ukutani, juu ya swichi: vijana sita, suruali za bugaluu, na wa pili kutoka kulia ni Babu mwenyewe, ameegemeza mguu kwenye amplifaya.

Kwa hiyo shingo iliyokuwa mezani ilikuwa ya gitaa la Babu. Kiwiliwili kilikuwa cha marehemu. Na mahali fulani, kama hesabu zinakwenda sawa, palikuwa na kiwiliwili cha 18 kimevaa shingo ya 17.

Nilipoisogeza shingo kwenye taa nikaona na sababu ya ile skrubu ngeni. Tundu moja halikukaa sawasawa na kiwiliwili kipya, basi aliyezibadilisha akaliziba kwa kijiti na kutoboa jingine pembeni yake. Kijiti kilikuwa chekundu. Mninga. Hiyo si kazi ya Fullerton.

Adhana ya alasiri ikaanza. Babu alivaa kofia, akaosha mikono kwenye ndoo, akasimama mlangoni.

"Lisiguswe," alisema. "Umenisikia? Shingo nimeifungua mimi. Huko mbele kusiguswe."

Nilimngoja akate kona ya gereji.

Bamba la mbele la Stratocaster ya miaka ile limefungwa kwa skrubu kumi na moja, na plastiki yake ikizeeka huingia ukijani wa mbali. Nililinyanyua. Chini yake, kwenye mbao, palikuwa na vitundu vya misumari ambayo kiwandani waliigongelea kabla ya kupiga rangi, ili kiwiliwili kisishike popote wakati kinakauka. Mwigaji wa magitaa husahau vitundu hivyo. Kwa hiyo kiwiliwili kilikuwa halali. Pikapu tatu zilikuwa zake, sumaku sita kila moja, waya mwembamba umezungushwa maelfu ya mara. Nyaya zilikuwa zimevikwa kitambaa, kama walivyokuwa wakitumia wakati huo.

Isipokuwa moja. Waya nyekundu ya plastiki, imetoka kwenye volyumu.

Volyumu ziko tatu, moja ya sauti na mbili za toni. Zile za toni zilikuwa za asili: 304 6350, yaani namba ya aliyezitengeneza, mwaka 1963, wiki ya 50. Ile ya sauti ilikuwa imetolewa kwenye redio. Imeandikwa National.

Nikachukua mita. Gitaa hili linataka volyumu ya omu 250,000. Hii ilisoma 50,000. Ukiweka ndogo kiasi hicho, sauti kali za juu zinavuja na kupotea kabla hazijafika kwenye amplifaya, na kinachobaki ni uzito wa katikati na chini.

Hapo nikaacha mita mezani. Kwa sababu marehemu alikuwa na jina mjini kwa jambo moja: ile sauti. Wazee hadi leo wakisikia kanda za Redio Tanzania humtambua kwa nota mbili. Solo yake ilikuwa imezibwa, mtu anayeimba na shuka mdomoni, na vijana wa bendi tatu nne walijaribu kuiiga wakashindwa. Wakasema ni vidole. Wakasema alipewa na mganga wa Bagamoyo. Babu, kila mara nilipomuuliza, alisema: "Ni kipaji, mjukuu wangu. Vingine havielezeki."

Kipaji kilikuwa hapa mezani, kimeandikwa National.

Nilisogeza taa ili niione lehemu. Kila fundi ana mwandiko wake, na Babu alinifundisha wake kabla sijajua kusoma vizuri: waya huzungushwa mara mbili kwenye sikio la volyumu, kisha mkia hukatwa mshazari, ncha ikitazama kulia. Chuoni mwalimu aliniambia niache, ni mbwembwe tu. Nilipomweleza Babu alisema mbwembwe ni za nani, ile ni saini. Fundi mwenzako akifungua ajue kapita nani. Katika magitaa yote na redio zote zilizopita mkononi mwangu, sijaona mkia wa namna ile ila kwenye kazi yake na yangu.

Waya nyekundu ilikuwa imezungushwa mara mbili. Mkia umekatwa mshazari. Ncha imetazama kulia.

Asubuhi ile ile, mbele ya mjane, Babu alikuwa ameapa kwamba gitaa la marehemu hajawahi kulishika, achilia mbali kulifungua.

"Hodi humu ndani."

Niliruka. Nilifunika gitaa kwa taulo, lakini shingo ikabaki wazi, na nambari yake juu.

Alikuwa yule mjane. Nyuma yake alisimama mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, mkononi sanduku refu la gitaa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nyuma yao wote wawili, akitoka msikitini, kofia bado kichwani, alikuwa Babu.

"Shikamoo, mzee," yule mwanamume akasema, bila hata kugeuka.

Ilikuwa ile sauti ya simu.

Babu hakuitikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu hewani.

"Shemeji," mjane alisema, na midomo ilikuwa inamtetemeka, "huyu bwana amekuja kwangu Magomeni saa saba. Anasema gitaa lisiuzwe. Anasema yeye ni mtoto, na ana haki yake. Mimi na marehemu tumeishi miaka thelathini na tano, Mungu hakutujalia. Leo nimetoka eda naletewa mtoto wa hamsini! Uliishi naye jukwaani, shemeji. Niambie. Alikuwa na mtoto nje?"

Babu alifungua mdomo, akaufunga.

Yule mwanamume alikuwa ameshaliweka sanduku mezani na kufungua ule mpira. Ndani mlikuwa na Stratocaster, ndugu wa lililokuwa mbele yangu, ila huyu rangi yake ilikuwa haijachubuka. Hakuwa na haja ya bisibisi. Skrubu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Aliinua shingo, akaisimamisha pembeni, na mle kwenye tundu la kiwiliwili nikaisoma nambari kabla hajanionyesha.

"Bi mkubwa hakunisikia vizuri," alisema taratibu. "Sikumwambia mimi ni mtoto wa marehemu."

Akaweka kidole juu ya 18, kisha akainua macho, akamtazama Babu.

"Nilimwambia mimi ni mtoto wa mwenye gitaa hili."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO