Chuo: neno lililoanza kama kitabu

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinilalamikia kwamba amepangiwa chumba na wenzake watatu asiowajua. "Prof, mimi nimekuja chuo kusoma, sikuja kuishi na watu," akasema. Nilicheka, lakini kauli hiyo ilinirudisha Lamu, ambako historia ya neno chuo inasema vingine.

Kwa Waswahili wa kale, chuo hakikuwa jengo, kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, hujulikana pia kama Chuo cha Herkali, yaani kitabu cha Herkali. Baadaye neno likahamia mahali pa kusomea. Ndiyo maana mtoto wa pwani hadi leo huenda chuoni kusoma Kurani. Kisha likapanuka tena, likabeba hata nyumba wanamolala wasomaji.

Hatua hiyo ya tatu tunaiona Riyadha. Habib Saleh Jamal al-Layl, mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu katika karne ya 19 akasomesha mtaani Langoni. Msikiti wa Riyadha ulijengwa mnamo 1900. Kielelezo chake kilitoka Seiyun, Hadhramaut, ambako Habib Ali al-Habshi alikuwa na ribati: mahali ambapo mwanafunzi anasoma, anakula na kulala papo hapo. Ribati linatokana na kitenzi cha Kiarabu rabata, yaani kufunga pamoja.

Je, Riyadha ilifunga nini na nini? Lamu ya enzi hizo ilikuwa na matabaka. Elimu ya juu ya dini ilishikwa na koo kubwa. Watumwa na wazao wao walibaki nje. Tukumbuke kwamba pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Habib Saleh aliwafungulia mlango watu hao, na baadhi ya wakubwa wa mji hawakufurahi. Peter Lienhardt alipoandika kuhusu chuo hiki mwaka 1959, hakukitenga na jamii iliyokizunguka. Alifanya vyema.

Maana darasa peke yake halitoshi. Darasa likiisha, kila mtu hurudi kwao, na ubwana wake ukimsubiri mlangoni. Lakini mliolala chumba kimoja na kula sinia moja mnajuana njaa, homa na ndoto. Kumdharau mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu.

Leo tuna bweni, tuna dahalia kama wasemavyo Unguja, na tuna hosteli. Hosteli zetu nyingi huhesabu vitanda na kodi, basi. Sishangai kijana kuona wenzake kama usumbufu.

Nilimwambia akae nao muhula mmoja kwanza. Hao watatu nao ni sehemu ya chuo.