"Run" sio kukimbia tu! Zijue maana zake kabla hujaumbuka

Wengi wetu shuleni tulikaririshwa kwamba "run" ni kukimbia, basi. Sasa siku daktari anakwambia "you are running a fever", unabaki unajiuliza nani kakimbia. Anamaanisha una homa. Akisema "let's run some tests", anataka ufanyiwe vipimo.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokipitia upya kitenzi hiki, mhariri wake Peter Gilliver alipata maana 645. Kazi hiyo ilimchukua miezi 9.

Usiogope, huhitaji zote. Anza na hizi:

- Run a shop: kuendesha duka
- Run for president: kugombea urais
- Run out of money: kuishiwa pesa
- Run into a friend: kukutana na rafiki bila kutarajia
- Run over a friend: kumgonga rafiki kwa gari

Umeziona hizo mbili za mwisho? Kosea kaneno kamoja tu, salamu inageuka kesi ya polisi.

Ila tusiwacheke Waingereza. Sisi tuna "piga": tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anakuna kichwa.

Kwa hiyo usiikariri "run" ikiwa peke yake. Ikariri pamoja na neno linaloifuata, maana hilo ndilo linalokwambia inamaanisha nini.