Mgao, Fedha au Kazi? Marekani Wakati wa Ukosefu Mkubwa wa Ajira

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Leo tunakwenda Marekani, nchi ambayo wengi wetu tumelisoma jina lake kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Kuna wakati Wamarekani wenyewe walipanga foleni ya chakula.

Oktoba 1929, bei za hisa katika soko la New York ziliporomoka. Benki nyingi zikafilisika na akiba za watu zikapotea. Viwanda vikafungwa. Kufikia 1933, takribani mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi. Waliofukuzwa kwa kukosa kodi ya nyumba walijenga vibanda vya mabati na maboksi pembezoni mwa miji.

Rais Herbert Hoover aliona kwamba kuwasaidia maskini ni jukumu la mashirika ya hisani na serikali za mitaa kwanza. Lakini hao nao mifuko ilikuwa imekauka.

Machi 1933, Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais. Mwezi Mei serikali ilitenga dola milioni 500 za msaada kwa majimbo, na kazi ya kuzigawa akapewa Harry Hopkins. Siku yake ya kwanza ofisini, aliidhinisha zaidi ya dola milioni 5. Inasimuliwa kwamba alipoletewa mpango ambao ungezaa matunda baada ya muda mrefu, alijibu kuwa watu hula kila siku.

(Muziki mfupi)

Likabaki swali gumu: msaada utolewe kwa njia gani? Sehemu nyingi, familia ilipewa karatasi ya kuchukulia dukani vyakula vilivyoorodheshwa tu. Kabla ya hapo, ofisa alifika nyumbani kuuliza: una akiba gani? Huna ndugu wa kukusaidia? Baba aliyelisha watoto wake kwa jasho lake miaka yote, sasa alijibu maswali hayo mbele yao.

Hopkins aliona kwamba shibe peke yake haiondoi aibu hiyo. Alipendelea fedha taslimu, ili mama mwenyewe aamue kama leo ni unga au viatu vya mtoto. Kuliko fedha za bure, alipendelea kazi yenye ujira.

Novemba 1933 ukaanzishwa mpango wa kazi za dharura. Kufikia Januari 1934, zaidi ya watu milioni 4 walikuwa wakitengeneza barabara, shule na viwanja vya ndege. Karibu nusu yao hawakutakiwa kwanza kuthibitisha umaskini wao. Mpango huo ulikuwa wa gharama kubwa, ukafungwa baada ya miezi michache. Mwaka 1935 ukaja mwingine, uitwao WPA, ambao hadi 1943 uliajiri watu takribani milioni 8.5. Wapinzani waliwacheka wafanyakazi hao kwamba wanaegemea koleo tu.

Si wote waliofikiwa sawasawa. WPA kwa kawaida iliajiri mtu mmoja kwa kila familia, mara nyingi baba, hivyo wanawake wengi waliachwa. Sheria ya 1935 iliyoleta bima ya wasio na ajira haikuwahusu vibarua wa mashambani wala wafanyakazi wa majumbani, na Wamarekani weusi wengi walikuwa katika kazi hizo.

Mipango hiyo haikumaliza ukosefu wa ajira. Uliisha pale viwanda vilipohitaji watu kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili. Lakini iliwavusha watu miaka ya njaa, na baadhi ya barabara na shule walizojenga zinatumika mpaka leo.

Msikilizaji, anayepanga foleni leo si kwamba hajui kazi. Mamilioni ya Wamarekani walilijua hilo, kwa sababu foleni ilikuwa yao.

Na wewe je, ungechagua mgao, fedha au kazi? Lijadilini na majirani zenu. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.

(Muziki wa kufunga)