Ikoni za mafaili kwenye kompyuta: namna zinavyobadilishwa na namna zinavyoweza kudanganya

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anapofika katika duka la steshenari Ilomba, jijini Mbeya, akiwa na flashi yenye cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mhudumu hulitambua faili hilo kwanza kwa picha ndogo iliyo kando ya jina lake. Picha hiyo huitwa ikoni. Inapobadilika ghafla, hasa baada ya kusakinishwa programu mpya, wapo wanaodhani faili limeharibika na kulifuta. Mara nyingi faili ni zima. Kilichobadilika ni programu iliyopewa kazi ya kulifungua.

Mfumo endeshi wa Windows hauchunguzi yaliyomo ndani ya faili ili kuchagua ikoni. Huangalia kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, kama .pdf au .docx, kisha hutafuta katika sajili yake programu inayohusika na herufi hizo. Kwa hiyo njia nyepesi ya kubadili ikoni ya aina nzima ya mafaili ni kubadili programu ya kuyafungua: faili hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchaguliwa “Open with”, kisha programu inayotakiwa, na kuthibitishwa kuwa itumike daima.

Kuweka picha nyingine huku programu ikibaki ileile ni kazi ngumu zaidi. Windows XP ilikuwa na sehemu maalumu ya kufanyia hivyo, lakini kuanzia Vista sehemu hiyo iliondolewa. Sasa hulazimu kuhariri sajili, kwenye ufunguo uitwao DefaultIcon. Kosa dogo humo laweza kuvuruga kompyuta nzima, hivyo nakala ya sajili ihifadhiwe kwanza. Kwa kompyuta ya ofisi, kazi hiyo aachiwe fundi wa TEHAMA.

Wahalifu nao hunufaika na ukweli kwamba ikoni ni picha tu. Programu yenye kiendelezi .exe hubeba ikoni yake yenyewe, na aliyeitengeneza anaweza kuivisha sura ya folda au ya waraka wa Word. Windows, isipoelekezwa vinginevyo, huficha viendelezi inavyovitambua. Faili liitwalo Barua.pdf.exe huonekana kuwa Barua.pdf. Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa hila ya aina hiyo: kiambatisho chake kilionekana kuwa maandishi ya .TXT, ilhali kiendelezi halisi, .vbs, kilikuwa kimefichika.

Katika flashi zinazopita kwenye kompyuta nyingi, baadhi ya virusi huficha folda halisi na kuacha mahali pake programu yenye jina na ikoni ileile. Mhudumu akiibofya, kompyuta ya duka huambukizwa, na flashi ya mteja anayefuata huondoka na kirusi hicho. Vyeti vya mteja mara nyingi huwa bado vimo, hivyo flashi isifomatiwe kwa haraka. Ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi, kisha mafaili yaliyofichwa yaruhusiwe kuonekana.

Viendelezi huoneshwa kupitia menyu ya “View”, kwa kuweka alama kwenye “File name extensions”. Kitu chenye ikoni ya folda ambacho safu ya “Type” inakitaja kuwa “Application” kisifunguliwe.